Kupanga nyumba ya familia yenye karakana ya useremala, hatua kwa hatua, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 Dar es Salaam

Karakana nyingi za nyumbani Dar huanza baada ya nyumba kuisha. Mwenye nyumba anapenda useremala, anabandika bati ukutani nyuma ya jiko, anavuta waya kutoka soketi ya friji, na kazi inaanza. Mwaka haupiti vumbi liko kwenye mapazia, meinswichi inakatika kila msumeno ukiwashwa, na jirani ameshakwenda kwa mjumbe. Dawa ya yote haya ni kuiweka karakana kwenye karatasi siku ileile unayochora vyumba vya kulala. Mwongozo huu unachukua karakana ya mita 4 kwa 6 ya mtu anayetengeneza vitu kwa kupenda, mwenye msumeno wa meza, mashine ya randa, drili ya kusimama na meza ya kazi.

Hatua ya 1: Jua upepo unakotoka

Kabla ya kuwaza geti liko wapi, simama katikati ya kiwanja ukiwa na dira ya simu. Dar ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, na kusi huvuma takriban Aprili hadi Oktoba kutoka kusini-mashariki. Zote mbili zina asili ya mashariki, kwa hiyo upande wa magharibi wa nyumba uko chini ya upepo karibu mwaka mzima. Karakana ikae huko. Ukiiweka mashariki, unga wa mbao utaingia madirishani kaskazi na kusi, na hakuna pazia litakaloushinda.

Jua nalo linakubaliana na mpangilio huu. Mji uko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini mapema Machi na tena Oktoba, na kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi. Nyumba iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na karakana isimame upande wa magharibi kama ngao ya jua la alasiri.

Hatua ya 2: Gawa kiwanja

Tuseme upande wa mita 30 unaelekea mashariki-magharibi na barabara iko mashariki. Ukianzia barabarani, acha mita 6 za mbele na maegesho, kisha nyumba mita 15, nafasi ya wazi mita 3, karakana mita 4, na mita 2 hadi mpaka wa nyuma. Jumla ni 30. Kwa upana, acha mita 3 kusini, nyumba ichukue mita 10, na mita 7 zibaki kaskazini ziwe njia ya gari. Hizo 7 zina sababu: mbao zinakuja na kirikuu au guta, na gari lisipofika mlangoni mwa karakana utabeba kila ubao mabegani ukipita sebuleni. Ukuta wa kaskazini wa karakana uwe mstari mmoja na ukuta wa kaskazini wa nyumba, gari lirudi nyuma moja kwa moja.

Vipimo vya karakana nilivyotaja hapa ni vya nje, ukuta ukihesabiwa, lakini hesabu za hatua zinazofuata zinachukua mita 4 kwa 6 kamili ndani. Ili upate mita 4 kamili ndani, punguza nafasi ya wazi kidogo, ila isishuke chini ya mita 2.5. Umbali wa kuacha mpakani hutofautiana kwa eneo. Uulizie ofisi ya mipango miji ya manispaa yako kabla ya kupenda mchoro wowote.

Barabara ikiwa magharibi, usigeuze kila kitu. Karakana ibaki magharibi, karibu na geti, na maegesho yaende ubavuni.

Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 nafasi ya wazi haitoshi, na karakana italazimika kugusana na nyumba. Inawezekana, kwa sharti moja: usiweke mlango kati yake na nyumba. Mlango huo utaachwa wazi siku ya kwanza mtu atakapoitwa kula, na vumbi halitasubiri aufunge.

Hatua ya 3: Chora mstari wa msumeno

Hapa ndipo karakana nyingi hukosewa, kwa sababu mchoraji huhesabu ukubwa wa mashine na kusahau urefu wa mbao. Ubao wa futi 12 ni mita 3.66. Kuuchana kwa urefu kunahitaji mita 3.66 kabla ya jino la msumeno na nyingine kama hizo baada ya jino, pamoja na sentimita 60 za mtu kusimama. Jumla ni karibu mita 8, na chumba chako kina 6.

Usiongeze ukuta. Tumia mlango. Pima mita 4.3 kutoka ukuta wa kusini, hapo ndipo jino la msumeno likae, na ubao uelekee kaskazini. Kutoka jino hadi mlangoni inabaki mita 1.7, na mita 2 za mwisho za ubao zinatokea nje. Kwa hiyo mlango wa kaskazini uwe wa mabawa mawili, upana mita 1.8 na kimo mita 2.4, katikati yake ilingane na mstari wa jino. Nje ya mlango jenga kibaraza chenye paa, kina cha mita 2.5, sakafu yake iwe usawa mmoja na ya ndani ili kitegemeo cha ubao kisimame sawa. Mteremko wa kupandishia toroli uelekee mashariki, gari linakotokea.

Upana wa mita 4 unagawanyika hivi: meza ya kazi ya sentimita 70 ukutani mashariki, njia ya sentimita 90, msumeno wa sentimita 80, njia nyingine ya mita 1.2, na rafu ya mbao ya sentimita 40 ukutani magharibi. Mikono ya rafu iachane sentimita 60. Ikiachana zaidi, mbao nyembamba zitapinda kabla hujazitumia.

Kabla ya kumlipa mchoraji, chora yote haya chini kwa chokaa, shika ubao halisi wa futi 12, na utembee nao.

Hatua ya 4: Chagua vyumba vitakavyotazama karakana

Ukuta wa magharibi wa nyumba upewe stoo, choo na korido. Jiko likae upande wa kusini, dirisha lake lisitazame nafasi ya wazi. Vyumba vya kulala vikae mashariki, mbali kabisa, hasa cha watoto wanaolala mchana.

Hatua ya 5: Michoro na kibali

Iingize karakana kwenye michoro ileile ya kuombea kibali cha ujenzi, pamoja na kibaraza chake. Jengo lisilo kwenye kibali ni la kwanza kuonekana na mkaguzi. Ukishaanza kuuza samani, hayo ni matumizi mengine ya ardhi na leseni nyingine. Zungumza na manispaa kabla.

Hatua ya 6: Msingi na sakafu

Sakafu ya karakana iwe juu ya ardhi angalau sentimita 30. Mvua za masika hazitanii, na mota ya msumeno ikilowa imekwisha.

Mpangilio kutoka chini: kifusi kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka, dawa ya mchwa, nailoni nzito, wavu wa chuma wa BRC, kisha jamvi la sentimita 10 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwa mita za mraba 24 ni mita za ujazo 2.4 za zege, yaani karibu mifuko 16 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 1.1 na kokoto 2.1. Mwagilia maji siku 7. Dawa ya mchwa usiiruke: vipande vya mbao vinavyoanguka chini ni mwaliko wao, na wakishazoea karakana watahamia kenchi za nyumba.

Kabla ya kumwaga jamvi, laza bomba la waya la milimita 25 kutoka ukutani hadi pale msumeno utakapokaa. Likisahauliwa, waya utapita juu ya sakafu miaka yote, mahali hasa unapotembea ukiwa umeshika ubao na macho yako yako kwenye jino.

Malizia kwa sakafu ya fagio, yaani zege likipigwa fagio likiwa bado bichi. Saruji iliyong'arishwa na marumaru zikishika unga wa mbao huteleza, na kuteleza mbele ya msumeno ni jambo la vidole.

Hatua ya 7: Kuta, madirisha na paa

Sauti huzuiwa na uzito. Kuta za mashariki na magharibi zijengwe kwa tofali za inchi 6 za kulaza, upate ukuta wa inchi 9, na zisiwe na tundu lolote. Kaskazini na kusini tofali za kusimamisha zinatosha. Kimo kikiwa mita 3.3, utahitaji tofali kama 750 juu ya msingi: za kulaza kadiria 14 kwa mita ya mraba, za kusimamisha 10, zitakazovunjika zikiwemo. Mwambie mhandisi kuhusu kuta hizo nzito mapema, apime mtaro wa msingi kwa udongo wako.

Kimo cha mita 3.3 si anasa. Plaiwudi ya futi 8 ina urefu wa mita 2.44, ukiigeuza kwenye chumba cha mita 2.7 itapasua taa.

Ukuta wa kusini upate madirisha mawili, kila moja upana mita 1.5 na kimo mita 1.2, kizingiti chake mita 1.1 kutoka sakafuni. Ni mita za mraba 3.6, asilimia 15 ya sakafu. Upepo wa kusi utaingia huko na kutokea mlango wa kaskazini, ukienda na vumbi mbali na nyumba.

Sasa angalia juu. Fundi akiacha uwazi kati ya ukuta na bati, kelele zote ulizozizuia kwa tofali 750 zitatokea hapo. Ziba kwa tofali na chokaa ya saruji hadi kwenye bati, kisha weka dari.

Hatua ya 8: Umeme

Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mpe orodha hii kabla hajanunua waya.

Karakana ipate bodi yake ndogo, ikilishwa kutoka bodi ya nyumba kwa waya wa milimita za mraba 6 na breka ya ampea 32. Umbali ukizidi mita 25, panda hadi waya wa 10, maana umeme ukishuka mota huchemka. Bodi iwe na kinga ya mvujo ya miliampea 30.

Msumeno upate laini yake, waya wa 2.5 na breka ya ampea 20. Kifyonza vumbi laini nyingine, kwa sababu hufanya kazi pamoja na msumeno. Soketi za kawaida laini ya tatu. Taa ziwe peke yake kabisa: breka ya msumeno ikikatika usiku, jino linaendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa, na usiwe gizani nalo.

Breka za mashine ziwe aina ya C. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake. Aina ya B hukatika mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, aina ya C huvumilia hadi mara 5 au zaidi. Fundi akikuwekea B utadhani msumeno ni mbovu.

Soketi zikae mita 1.2 kutoka sakafuni, juu ya usawa wa meza. Na kila mashine ya kukata iwe na swichi inayobaki imezimwa umeme ukirudi. Umeme unakatika, wewe unaondoka bila kuzima mashine, umeme unarudi wakati mtoto ameegemea meza: swichi hiyo ndogo ndiyo inayozuia hilo. Kama bajeti inakata kitu, ikate kingine.

Umeme wa njia tatu (three-phase) usiuombe bila sababu. Mashine za nyumbani zisizozidi kilowati 2 zinatosheka na njia moja.

Hatua ya 9: Vumbi na moto

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Basi livute linapozaliwa. Bomba la inchi 4 liende kwa njia fupi hadi kwenye kifyonza, kona ziwe za taratibu, na bomba laini la mikunjo lisizidi mita 1 kwa kuwa hukaba hewa. Barakoa ivaliwe hata hivyo, hasa kwa mvule.

Vanishi na thina zikae kabati la chuma kibarazani. Vitambaa vya mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke. Vikirundikwa hujipasha joto na kuwaka vyenyewe. Kizima moto cha unga cha kilo 6 kitundikwe mlangoni, na namba ya Zimamoto, 114, iandikwe kando yake.

Hatua ya 10: Kipi kijengwe kwanza

Kama fedha zinakuja kidogo kidogo, anza na karakana. Itakuwa stoo ya saruji, ikipangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na isikae zaidi ya miezi miwili kwa unyevu wa pwani. Mbao za fremu za milango ya nyumba zipange rafuni zikiwa na vijiti katikati, zikauke wakati kuta zinapanda. Mninga ukifungwa mbichi utapinda na mlango hautafunga. Mabomba ya umeme na maji ya kuunganisha na nyumba yalazwe kabisa chini ya nafasi ya wazi sasa, ncha zake zizibwe na zipimwe kutoka mpakani, na vipimo hivyo viandikwe kwenye mchoro, ili fundi wa mwakani asichimbe kwa kubahatisha.