Kuandika programu huku b na d zikibadilishana

Naandikia programu maduka ya Ngamiani, Tanga, na nina disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno: "idadi" huisoma "ibabi". Kama nawe uko hivyo, jina refu ndani ya programu liandike mara moja tu, polepole, kisha kila unapolihitaji acha kihariri, yaani programu unayoandikia msimbo, kikukamilishie. Washa rangi za msimbo. Amri uliyoikosea tahajia haipati rangi yake, na jicho hulinasa kosa kabla hujasoma neno. Majina yasifanane mno. Badala ya "bei1" na "bei2", mimi huweka "beiJumla" na "beiRejareja". Barua pepe ndefu simu hunisomea nikitembea Raskazone. Na mweleze kiongozi wako mapema, akupe maelekezo kwa mdomo. Mimi nilinyamaza miaka 2, nikirudia kazi usiku peke yangu, na iliniumiza sana.