Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Mashine ya Kukatakata Majani ya Ng'ombe

Kabla ya jambo lolote, mfugaji aamue nani ataiendesha mashine. Mara nyingi mwenye ng'ombe ndiye aliyeelekezwa na muuzaji, ilhali anayelisha matete kila jioni ni kijana wa kazi ambaye siku hiyo hakuwepo; huyo aelekezwe upya kwa vitendo, mashine ikiwa imezimwa, hadi aweze kuonyesha mwenyewe swichi ya kuzimia. Watoto wakae mbali kabisa, hata kama kazi yao ingekuwa kupokea majani tu.

Mashine isimame mahali tambarare, ifungwe imara, na mkanda wake uwe na kifuniko. Nati za visu zikazwe, kwa sababu kisu kilicholegea kinaweza kuchomoka na kurushwa. Majani nayo yakaguliwe yasiwe na mawe, misumari au waya, ambao ukipita salama kwenye visu bado utamdhuru ng'ombe tumboni. Mwendeshaji avue kanga, shuka, bangili na glovu pana, na nywele ndefu azifunge. Injini ya mafuta isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una sumu inayoua. Mota ya umeme iwe na waya wa ardhi na isiguswe kwa mikono yenye maji.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni pale majani yanapokwama. Gurudumu linalobeba visu limetengenezwa zito makusudi ili lisipoteze kasi linapokutana na mabua magumu, na kwa sababu hiyohiyo huendelea kuzunguka hata baada ya injini kuzimwa. Kwa hiyo mwendeshaji azime, achomoe waya wa umeme au wa plagi ya injini, asubiri hadi gurudumu litulie kabisa, ndipo atoe majani kwa kijiti. Mlango wa kulishia, yaani mfereji unaopitisha majani hadi kwenye visu, ukiwa mfupi kuliko mkono wa mtu mzima, urefushwe kwanza, na majani ya mwisho yasukumwe kwa fungu linalofuata au kwa mti, kamwe si kwa kiganja.

Mwisho, kiwepo kitambaa safi cha kukandamizia jeraha, simu yenye chaji na usafiri unaojulikana wa kwenda hospitali. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu, bila kidole chenyewe kugusa barafu.