SOMO: Kuingiza tala ya Kihindi (mzunguko wa mapigo) kwenye drams za jazi bila kupotea njiani

Habari za humu wakuu. Inboksi yangu haipumziki: "Trilok Gurtu anafanyaje vile?", "nifanyeje drams zangu zilie kama tabla, zile ngoma mbili za Kihindi?" Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo tu, asinune.

Kwa wasiomjua, Gurtu ni mpiga ngoma mzaliwa wa Mumbai, 1951. Mama yake, Shobha Gurtu, alikuwa mwimbaji mkubwa wa thumri, aina ya uimbaji wa Kihindi. Trilok mwenyewe aliingia kundi la jazi la Oregon baada ya mpiga ngoma wao, Collin Walcott, kufariki kwa ajali ya gari mwaka 1984, kisha akapiga na trio ya mpiga gitaa John McLaughlin. Hukaa chini karibu na kupiga magoti, anachanganya ngoma za mkono na matuazi, na kuna ile ndoo ya maji anamochovya upatu ili sauti ipinde. Watu wakiona video wanakimbilia kununua ndoo. Ndoo haina siri yoyote wakuu. Siri ni hesabu iliyo kichwani kabla mkono haujanyanyuka.

Njia nitakayoonyesha mimi iko karibu zaidi na ya mpiga drams Dan Weiss wa New York, kwa sababu wengi wenu mna seti ya kawaida: ngoma ya mguu, snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini), tomu, haihati (matuazi mawili ya pedali), raidi (tuazi kubwa). Weiss alisoma tabla kwa Samir Chatterjee, na mwaka 2005 akatoa albamu ya solo ya tintal (tala ya mapigo 16) nzima kwenye drams. Hakuna tabla hata moja mle, na bado mpiga tabla akisikiliza anajua yuko pigo la ngapi.

Hatua ya 1. Weka vijiti chini. Ndiyo, chini.

Hatua ya 2. Kariri theka ya tintal, yaani silabi zinazotaja kila pigo la tabla, mapigo 16, kwa mdomo:

1–4: Dha Dhin Dhin Dha
5–8: Dha Dhin Dhin Dha
9–12: Dha Tin Tin Ta
13–16: Ta Dhin Dhin Dha

Hatua ya 3. Isome huku unapiga makofi kwenye 1, 5 na 13. Kwenye 9 usipige, punga mkono hewani. Pigo la 1 linaitwa sam, ndiko nyumbani. La 9 ni khali, yaani patupu. Metronomu iwe mapigo 60 kwa dakika, hakuna haraka.

Hatua ya 4. Gawa sauti. Tabla ni ngoma mbili: dayan, ndogo ya mkono wa kulia, na bayan, kubwa ya kushoto inayotoa besi. Dha na Dhin zinapiga zote mbili pamoja. Tin na Ta ni dayan peke yake. Basi bayan mpe mguu, dayan mpe mikono: Dha ni mguu na snea, Dhin ni mguu na raidi, Tin ni raidi tu, Ta ni snea tu.

Hatua ya 5. Khali. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo somo lote lilipo na ndipo kila mtu anapoanguka. Ukishaambiwa kwamba 9 ni patupu, akili inakutuma uzime mguu kuanzia 9 hadi 12, halafu uurudishe kwenye 13, kwa kuwa mafungu ni ya nne nne na inapendeza kwenye karatasi. Sivyo. Angalia tena theka hapo juu. Pigo la 9 bado ni Dha, besi ipo. Inaondoka kwenye 10, 11, 12, na 13 pia, kwa sababu fungu la mwisho linaanza na Ta. Inarudi kwenye 14. (Wapo wanaopiga Na kwenye 9 bila besi. Nayo ni sahihi, lakini hata wao besi yao hairudi 13.) Kwa hiyo mkono unapunga mahali pamoja, besi inazama pengine, na inaibuka pigo moja baada ya mahali masikio yanapoitarajia. Huko kuchelewa ndiko kunakomwambia msikilizaji kwamba sam imekaribia. Ukirudisha mguu kwenye 13 umepiga vipimo vinne vya kawaida (kipimo ni mapigo manne), hakuna tala hapo.

Onyo: usijaze hayo mapigo manne kwa roli za snea ati kumesinyaa. Acha pasinyae. Onyo la pili: mwambie mpiga besi mapema, la sivyo atadhani umedondosha pedali na atakuangalia vibaya mbele za watu.

Hatua ya 6. Swingi, yaani mdundo wa jazi. Raidi iseme ding, ding-a-ding kama kawaida, haihati kwenye 2 na 4. Sasa sikia utamu wake: wapiga drams wa enzi za swingi walikuwa wakigusa ngoma ya mguu kwenye mapigo yote manne, kwa sauti ndogo mno, inasikika tumboni kuliko masikioni. Theka ya tintal ni mguso uleule, isipokuwa unatoweka kutoka 10 hadi 13. Huhitaji kubuni kitu. Endelea na mguu wako wa jazi, utoe mahali tala inaposema utoe. Mkono wa kushoto uwe huru kuongea na mpiga solo.

Hatua ya 7. Umbo la wimbo. Bluzi ya vipimo 12 ni mapigo 48, yaani tintal tatu kamili, kila mstari tintal yake. Khali inaangukia kipimo cha 3, cha 7 na cha 11. Wimbo wa vipimo 32 ni mapigo 128, tintal nane. Hakuna kinachobaki wala kupungua, na ndiyo maana naanza na tintal na siyo tala nyingine.

Hatua ya 8. Tihai. Kirai kinarudiwa mara tatu, na pigo la mwisho la mara ya tatu linatua juu ya sam. Chukua kirai cha mapigo matano, *ta di gi na thom* (hiki kimetoka konnakol, mapigo ya kutamkwa kwa mdomo ya Kusini mwa India, mwalimu wa tabla atakuangalia kidogo, lakini ulimi unakipenda). Weka pumzi ya pigo moja katikati: 5+1+5+1+5, jumla 17. Anza kwenye 1. *Thom* zinaangukia 5, 11 na 17, na 17 ndiyo sam ya mzunguko unaofuata.

Maonyo. Hesabu inatakiwa ifike 17, siyo 16. Kirai cha mapigo manne chenye pumzi ya mapigo mawili kinatoa 16. Ukikianza kwenye 1 utatua pigo moja kabla ya nyumbani, kwa hiyo kianze kwenye 2. Na *thom* ya tatu ndiyo sam yenyewe: ukitua usipige tena "moja" kwa furaha, umeshaipiga. Tihai hiyohiyo ukiiharakisha mara mbili ianze kwenye 9. Mara nne, kwenye 13. Ile ya mara nne ndiyo inayofanya watu wapige kelele, ila ukikosea kila mtu anajua, hata mhudumu wa vinywaji.

Maswali hapa chini. Someni kwanza.

---

vijitiviwili: Mkuu ni ndefu sana hii, huna video?

Mwandishi: Sina.

Kiki ya Dodoma: Mimi nimeelewa ila ndoo ya maji ya Gurtu ni ya lita ngapi?

Mwandishi: Rudi aya ya pili.

bint_kisauni: Shikamoo mwalimu. Mimi nimekulia Mombasa, nyumbani walikuwa wanasikiliza taarab za Juma Bhalo, na tabla zimejaa mle. Je, ile ni tintal? Nimejaribu kuhesabu 16 haikai.

Mwandishi: Marahaba binti, swali zuri. Haikai kwa sababu taarab ile ilifuata sana melodia za filamu za Kihindi, na filamu zinapenda tala fupi: kaherwa ya mapigo 8 na dadra ya 6. Jaribu kusema *Dha Ge Na Ti Na Ke Dhi Na* juu ya wimbo mmoja, halafu *Dha Dhi Na, Dha Ti Na* juu ya mwingine, moja itakaa. Dadra nayo ukiiweka kwenye raidi utajikuta jirani na chakacha, maana zote zinatembea kwa sita. Una bahati: masikio yako yamesoma nusu ya somo kabla sijaandika. Ukipata mpiga tabla wa taarab aliye hai na mvumilivu, kaa pembeni yake umwangalie mkono wa kushoto tu, wiki nzima.

bint_kisauni: Imekaa kwenye 8! Asante sana.

Mzee wa Besi: Na mimi niulize kama mpiga besi. Mguu ukizama kwenye 10, mimi nifanye nini? Niendelee kutembea?

Mwandishi: Endelea kaka, tena panda juu kidogo kwenye shingo ya gitaa, sauti iwe nyepesi. Kwenye 14 shuka pamoja na mguu wangu. Tukifanya hivyo wote wawili, mpiga piano anajua yuko wapi bila kuhesabu. Laiti wapiga besi wote wangeuliza.

JaziHuru: Samahani lakini hii siyo jazi. Jazi ni uhuru, wewe unaleta hesabu za darasa la saba. Wahindi na jazi wapi na wapi?

Mwandishi: John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi, alimpa mwanawe jina Ravi kwa ajili ya Ravi Shankar, mpiga sitar wa Kihindi, mwaka 1965. Buddy Rich, mpiga drams wa jazi, aliingia studio na mpiga tabla Alla Rakha, albamu ikatoka 1968. Zakir Hussain, mtoto wa huyo Alla Rakha, alianzisha kundi la Shakti na McLaughlin miaka ya sabini na akaendelea kupiga na watu wa jazi karibu hadi alipofariki Desemba 2024. Kama hao hawakuwa huru, nionyeshe aliyekuwa huru. Na bluzi yako ya vipimo 12 nayo ni hesabu, umeizoea tu.

JaziHuru: Sijasema usipige, nimesema tu.

Mwandishi: Sawa.

Kijana wa Drams: Mwalimu, kanisani tuna wimbo wa mapigo saba. Tintal haiingii. Kuna ya saba?

Mwandishi: Ipo, rupak: *Tin Tin Na, Dhi Na, Dhi Na*, yaani 3+2+2. Ya ajabu kidogo, kwa sababu khali yake iko kwenye pigo la 1 lenyewe. Mguu haupo kwenye moja, unaingia kwenye 4 na 6. Jaribu na kwaya kwa sauti ndogo kwanza, maana waimbaji wamezoea kusikia besi ndiyo wajue pa kuanzia. Ikiwachanganya, gusa moja kwa tuazi. Na kama unataka tihai ya humo: lazima ifike 8, siyo 7. Kirai cha mapigo mawili chenye pumzi ya pigo moja: 2+1+2+1+2.

Kijana wa Drams: Imefika 8 kweli. Kwa hiyo siku zote ni urefu wa tala jumlisha moja?

Mwandishi: Ukianzia sam na kutua sam inayofuata, ndiyo. Umeshika.

vijitiviwili: Basi nimesoma yote. Swali: ile besi ya bayan inayopanda "gu-uup", nitaipata vipi kwenye drams?

Mwandishi: Karibu tena. Mpiga tabla anasukuma ngozi kwa kisigino cha kiganja baada ya kupiga, ngozi inakaza, sauti inapanda. Wewe tumia tomu ya chini: piga kwa mkono mmoja, sukuma ngozi kwa kiwiko cha mkono wa pili. Art Blakey, mpiga drams wa jazi, alikuwa akifanya hivyo hivyo. Legeza ngozi ya juu kidogo kuliko kawaida, ikikazwa sana haipindi.

Mzee wa Besi: Kiwiko kinakwama kwenye ngozi ile yenye mikwaruzo.

Mwandishi: Vaa mikono mirefu, au pata ngozi laini. Wapiga tabla wanapaka poda kiganjani ili mkono uteleze kwenye bayan, poda ya mtoto inatosha. Ila kidogo tu, na mbali na snea, ikiingia kwenye nyaya za chini kuisafisha ni kazi.