Namna ya Kupiganisha Vikosi vya Manowari za Anga Mezani

Pambano la manowari za anga linalochezwa mezani huamuliwa kwenye karatasi ya amri kabla dadu hazijaguswa. Angani hakuna hewa wala maji ya kukizuia chombo, kwa hiyo manowari iliyokwisha kushika kasi huendelea nayo hata injini zikizimwa, na kamanda anayetaka kugeuka au kusimama hana budi kuanza kufanya hivyo raundi kadhaa kabla. Mchezaji asiyelielewa jambo hili atailaumu bahati yake kila mara, ilhali tatizo lake ni kwamba manowari zake zilifika mahali pabaya.

Maelezo haya ni kwa mtu ambaye hajawahi kucheza, na yanafuata jinsi tunavyocheza hapa Mbeya kwa vifaa vinavyopatikana kwetu. Misingi ya kanuni zenyewe imetoka kwenye mchezo uitwao Full Thrust, uliotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kampuni ya Ground Zero Games ya Uingereza, ambayo baadaye iliruhusu kanuni zake zipakuliwe bure kwenye intaneti. Nimezipunguza ili pambano la vikosi viwili vidogo liweze kumalizika katika mchana mmoja.

Uwanja wa sentimita 120 kwa 90 unatosha. Meza mbili zilizounganishwa zinafaa, ila mimi napendelea sakafu ya saruji iliyotandikwa shuka jeusi, kwa sababu meza ina ukingo na anga haina. Chombo kikikaribia ukingo, wachezaji husogeza vyombo vyote kwa kipimo kilekile kuelekea upande wa pili, na pambano likaendelea bila yeyote kunufaika. Msicheze uani, kwani upepo wetu wa kiangazi hauziachi karatasi za amri mahali zilipo.

Kwa vyombo, vizibo vya soda kama vile vya kuchezea drafti vinatosha, kimoja kwa kila manowari. Kizibo kina meno 21, ambayo hayagawanyiki kwa 12, hivyo usiyategemee katika kugeuza chombo. Kata duara la karatasi ya manila, ligawe kwa kipimapembe katika sehemu 12 za nyuzi 30 kama uso wa saa, ulibandike juu ya kizibo, kisha uchore mshale unaoanzia katikati hadi namba 12, ambayo ndiyo pua ya chombo. Anayetaka manowari zenye sura aende kwa maseremala, maana kuanzia Mafinga hadi Mbeya ni nadra kukosa mabaki ya mbao za msonobari kwenye karakana. Kipande chenye urefu wa kidole huchongeka vizuri kwa kisu kikali, mradi ukate kwa kufuata mlalo wa mbao na usilazimishe penye kifundo, kwa sababu hapo ndipo pua ya manowari huvunjika. Kikishachongwa na kupakwa rangi, kibandike juu ya kizibo, kwani vipimo vyote vya mwendo na vya kufyatua huanzia katikati ya kizibo. Mbali na hayo, utahitaji rula, futi kamba, penseli, na dadu zipatazo sita kama zile za ludo.

Kila manowari huwa na karatasi yake yenye visanduku vya uhimilivu, ambavyo hufutwa kila chombo kinapopigwa, vilivyopangwa katika mistari minne iliyo sawa, pamoja na michoro ya mitambo yake: injini, kila mzinga peke yake, na ngao. Kwa pambano la kwanza nashauri kila upande uwe na manowari kuu moja, kruza mbili (manowari za ukubwa wa kati) na frigeti tatu (manowari ndogo zenye wepesi). Manowari kuu ina visanduku 28, msukumo 2 (yaani pointi za injini za kugeukia na kubadilishia kasi katika raundi moja), ngao, na mizinga mitatu ya daraja la 3. Kruza ina visanduku 16, msukumo 4, ngao, na mizinga miwili ya daraja la 2. Frigeti ina visanduku 8 tu, msukumo 6, na mizinga miwili ya daraja la 1, nayo haina ngao. Makombora na ndege ndogo za kivita viachwe hadi wachezaji wote wawili waweze kuandika amri bila kufungua kanuni.

Raundi huanza kwa kuandika amri. Kila mchezaji huandika kwa siri, kwa kila manowari, idadi ya sehemu za saa atakazogeuka kulia au kushoto, na sentimita atakazoongeza au kupunguza kwenye kasi. Kila sehemu ya kugeuka hugharimu pointi moja ya msukumo, na kila sentimita ya kasi hugharimu pointi moja pia, lakini pointi za kugeukia haziruhusiwi kuzidi nusu ya msukumo wote. Amri inayovuka msukumo wa chombo hufutwa, na chombo hicho huenda moja kwa moja kwa kasi yake ya zamani. Msioneane huruma katika kanuni hii, hata kwa mgeni, kwa sababu ndiyo inayomfundisha mtu kuhesabu.

Amri zikishafunuliwa, vyombo vyote husogezwa. Nusu ya kugeuka hufanyika kabla ya kuondoka na nusu nyingine katikati ya safari, na hesabu isipogawanyika sawasawa, sehemu iliyo kubwa hufanyika katikati. Tuchukue kruza inayokwenda kasi 12, na pua yake imeelekea namba 12 ya uwanja, ambayo sisi wa Mbeya mjini huiweka upande wa mlima Loleza, yaani kaskazini. Amri yake inasema igeuke kulia sehemu 2 na kuongeza kasi kwa 2, hivyo pointi zake zote 4 zimetumika. Kwanza inageuzwa kuelekea namba 1, inasogezwa sentimita 7, inageuzwa tena kuelekea namba 2, kisha inasogezwa sentimita 7 nyingine. Andika kasi mpya, yaani 14, mara tu unapotoa mkono kwenye kizibo, kwani kasi isiyoandikwa huzua mabishano kuliko jambo lingine lolote.

Hapa ndipo mchezo wenyewe ulipo, na mgeni anapaswa kutumia muda wake mwingi hapa. Kabla hujaandika amri zako, angalia msukumo wa kila chombo cha adui na ujiulize kinaweza kufika wapi. Manowari kuu inayokwenda kasi 8 ina msukumo 2 tu, kwa hiyo ikienda moja kwa moja itaishia kati ya sentimita 6 na 10 mbele yake, na ikigeuka, itageuka sehemu moja tu, tena katikati ya safari, hivyo haitatoka pembeni kwa zaidi ya sentimita 2 na kidogo. Eneo lote inaloweza kufikia halizidi sentimita 5 kwa 5, na unaweza kulifunika kwa kiganja. Frigeti inayokwenda kasi 12 ni jambo jingine kabisa: inaweza kuishia popote kati ya sentimita 6 na 18 mbele, na ikigeuka kwa nguvu zake zote inaweza kutoka pembeni kwa zaidi ya sentimita 10, kulia au kushoto. Kwa hiyo usipoteze muda kubashiri frigeti za adui. Bashiri manowari yake kuu, kisha upange kruza zako ziwe nyuma yake raundi mbili zijazo. Ikitaka kugeuka nyuma kabisa itahitaji raundi sita, na kwa kasi 8 itakuwa imepita njia ya sentimita 48 kabla haijakutazama.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kukimbilia. Chukulia vikosi viwili vinavyotazamana kwa umbali wa sentimita 100, kila kimoja kikienda kasi 12. Umbali kati yao hupungua kwa sentimita 24 kila raundi: 76, 52, 28, na katika raundi ya nne wako sentimita 4 kutoka kwa mwenzao, ambapo kila mzinga hupiga kwa nguvu zote. Raundi inayofuata wamekwisha kupishana, na raundi kadhaa hupotea katika kugeuka. Anayeanza kupunguza kasi tangu raundi ya pili huwaacha wapinzani wapite mbele yake, kisha akageuka nyuma yao taratibu. Kumbuka, hata hivyo, kwamba manowari kuu yenye kasi 12 hupunguza 2 tu kwa raundi, na hadi isimame itakuwa imeserereka sentimita 30.

Kufyatua ni kwepesi zaidi. Kila upande hurusha dadu moja, na aliyepata namba kubwa huchagua chombo chake kimoja kifyatue kwanza, kisha mwenzake, hivyohivyo kwa zamu hadi vyombo vyote viishe. Madhara huhesabiwa papo hapo, kwa hiyo anza na chombo kinachoelekea kupigwa, kabla mizinga yake haijanyamazishwa. Mzinga wa daraja la 1 hurusha dadu 1 hadi umbali wa sentimita 12. Wa daraja la 2 hurusha dadu 2 hadi sentimita 12, na dadu 1 hadi 24. Wa daraja la 3 hurusha dadu 3 hadi 12, dadu 2 hadi 24, na dadu 1 hadi 36. Namba 4 au 5 hufuta kisanduku kimoja, namba 6 hufuta viwili, na namba ndogo hazina kitu. Ngao huzuia namba 4. Kwa wastani, dadu tatu huleta madhara mawili kwa chombo kisicho na ngao, na moja na nusu kwa chombo chenye ngao. Hakuna mzinga unaoweza kupiga ndani ya nyuzi 60 zilizo nyuma ya chombo, ambako moto wa injini huzuia kulenga, na ndiyo sababu nikasisitiza kukaa nyuma ya manowari kuu.

Mstari mmoja wa visanduku ukiisha, mitambo hukaguliwa. Rushia dadu kila mtambo uliobaki: baada ya mstari wa kwanza, mtambo huharibika kwa namba 6, baada ya wa pili, kwa 5 au 6, baada ya wa tatu, kwa 4, 5 au 6. Mstari wa nne ukiisha, chombo kimeangamia. Tuseme kruza imepigwa na mwenzake kwa dadu nne, na zimetoka 4, 5, 6 na 6. Ngao inaizuia ile 4, na zilizobaki zinafuta visanduku vitano, yaani mstari wote wa kwanza wenye vinne na kimoja cha mstari wa pili. Sasa injini, mizinga miwili na ngao kila kimoja kinarushiwa dadu. Injini ikiharibika mara ya kwanza, msukumo unabaki nusu. Mara ya pili, unaisha kabisa. Chombo hicho hakisimami, bali huserereka kwa kasi ileile na kwa mwelekeo uleule, kikiendelea kufyatua, na mwenye busara huhakikisha kwamba hakuna chombo chake kingine kilichomo njiani.

Uwanja mtupu huchosha baada ya michezo michache, hivyo wekeni mwamba katikati. Sisi huuita Mbozi, kwa heshima ya kimondo kilichoko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi mkoani Songwe, pande la chuma lenye urefu wa takribani mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Mwamba wa mezani unawakilisha kitu kikubwa zaidi ya hapo, na jiwe linalojaa kiganja linatosha. Huzuia mizinga, na chombo ambacho njia yake inaugusa hurusha dadu moja kwa kila sentimita 4 za kasi yake na kufuta visanduku sawa na jumla ya nukta zote. Kwa kasi 12, frigeti haina matumaini makubwa ya kupona.

Wakishazoea, wachezaji wajaribu mwendo ulio karibu zaidi na ukweli, kwani angani kugeuza pua hakubadilishi njia ya chombo. Weka kokoto mahali ambapo chombo kingefika bila injini, kigeuze chombo upendavyo, kisha kitoe kwenye kokoto kuelekea pua yake kwa sentimita sawa na msukumo uliotumika. Kruza iliyokuwa ikienda kasi 10 kuelekea namba 12, ikageuza pua kuelekea namba 3 na kutumia msukumo 4, itaishia sentimita 10 mbele na 4 kulia. Pima kutoka ilikotoka hadi ilipofika, na utapata karibu sentimita 11, ambayo ndiyo kasi yake mpya, katika njia iliyo kati ya namba 12 na namba 1, huku pua yake bado ikitazama namba 3. Kwa kanuni hii manowari inaweza kukimbia huku ikimtazama anayeifukuza na kumpiga kwa mizinga yote.

Pambano huisha upande mmoja unapoondoka. Chombo kilicho zaidi ya sentimita 60 kutoka kwa kila adui, na ambacho hakikupigwa katika raundi hiyo, kinaweza kutangazwa kuwa kimejitoa. Mshindi huhesabiwa kwa visanduku: vyote vya chombo kilichoangamia, na vile vilivyofutwa tu kwa chombo kilichojitoa.