Kiko cha mtumba: safisha ndani kwanza, kung'arisha baadae

Wadau wa vitu vya zamani, hasa nyie wa Tanga mnaopita pita Ngamiani na kule Mgandini, vile viko vya mbao vya kuvutia tumbaku vinavyowekwa meza moja na saa mbovu na miwani ya marehemu msivipite hivi hivi. Kiko kizuri hata kikiwa cheusi na kinanuka vibaya kiasi gani bado kinarudi, maana mbao yake ni ngumu mno, ni ile ya kwenye fundo la mzizi wa kichaka kinaitwa Erica arborea, wanachimba kule Mediterania, Ugiriki na Italia na Algeria huko, wanaichemsha afu wanaikausha muda mrefu ndo wachonge. Jamii ya Erica ipo hata huku kwetu juu Kilimanjaro. Inavumilia moto kuliko mbao nyingi sana ndo maana ikachaguliwa.

Sasa kinachoua viko ni haraka ya kung'arisha. Mtu anakinunua, anapiga msasa mpaka mbao inakuwa nyeupe, anamwaga vanishi, kinameta kweli kweli lakini ndani lami ya miaka yote bado ipo. Vanishi inaziba mbao, kikipata moto inatoka malengelenge, na ule msasa umeshafuta maandishi yaliyogongwa shingoni (ile sehemu ya mbao inayotoka kwenye kichwa). Yale maandishi ndo kitambulisho, ndo yanakwambia kimetoka kiwanda gani, London au Saint-Claude kule Ufaransa, yakifutika umebaki na kipande cha mbao tu. Kwa hiyo jamani msasa kwenye mbao hapana. Naomba sana hilo tuelewane kabla hatujaendelea.

Kabla hujatoa hela kikague. Kiweke juani ugeuze geuze uangalie nyufa, hasa pale shingo inapopokea mdomo (kile kipande cha kushika kwa meno), ufa wa hapo unaendelea kufunguka kila ukichomeka. Chukua bisibisi ndogo ugonge gonge chini ndani ya kichwa (pale tumbaku inapowekwa), ukikuta pamekuwa laini pamegeuka mkaa mpaka kwenye mbao yenyewe basi kimeungua, kiache, au ununue kwa bei ya pambo la kabatini. Alama za meno kwenye mdomo zisikutishe, zinatengenezeka.

Na uangalie kama ni mbao kweli, maana kuna viko vya lile jiwe jeupe jepesi linaitwa mearshamu. Enzi za Tanganyika kulikuwa na kiwanda Arusha kinatengeneza viko kwa jiwe la upande wa Amboseli, chapa yenyewe iliitwa Kiko, ina alama ya tembo, vingine vimevalishwa ngozi nje. Ukikutana nacho usikiloweke wala usikimiminie spiriti, jiwe lile likinywa maji linakuwa laini na kuvunjika ni dakika tu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kwangua taratibu, basi. Huku Tanga cha namna hiyo kwangu kina thamani kuliko cha London, ni chetu.

Haya, kazi. Chomoa mdomo kwa kuuzungusha taratibu, kikiwa baridi, usivute moja kwa moja na usiguse plaizi. Ukigoma kifunge kwenye mfuko wa nailoni kiweke friza nusu saa hivi, vitu vinasinyaa, jaribu tena, ukigoma rudisha. Subira tu, ukilazimisha kile kijiti cha mdomo kinakatikia ndani ya shingo na hapo shughuli imekuwa kubwa.

Ndani ya kichwa utakuta ukoko wa masizi. Huo ukoko hautolewi wote, mvutaji anauhitaji unakinga mbao, unabakiza unene wa kama milimita moja na uwe sawa pande zote. Ukiachwa unene zaidi ukipata moto unatanuka kuliko mbao na kichwa kinapasuka. Chukua kijiti cha mviringo kinachoingia vizuri, kizungushie msasa namba 80, ukiona umekaribia hamia 120, zungusha bila kukandamiza. Kisu chenye ncha kali hapana, kinatoboa chini. Kama unataka cha kuweka kabatini tu unaweza kuutoa wote, hiari yako.

Hapa kwenye spiriti ya kusafishia shingo nisikilizeni vizuri maana ndo watu wanajiumiza. Unataka ya famasi, isiyo na rangi wala marashi. Ile mafundi seremala wanayochanganyia vanishi usiguse, ina methanoli, ni sumu, na hiki ni kitu kinaenda mdomoni. Konyagi inafanya kazi ila polepole, ina kilevi asilimia 35 na kubwa lililobaki ni maji, na mbao haipendi maji. Na fanyia kazi mbali na jiko la mkaa, mvuke wa spiriti unadaka moto kwa mbali.

Brashi maalum za viko huku kuzipata ni kazi, mimi natumia spoku ya baiskeli (na baiskeli Tanga hazijawahi kuisha), nazungushia uzi wa pamba ncha nzima ili chuma kisikwaruze, nachovya spiriti napitisha kwenye tundu la shingo. Itatoka nyeusi, badili uzi, itatoka kahawia, badili tena, unaendelea hivo hivo mpaka itoke kama ilivyoingia. Kwenye mlango wa shingo tumia vijiti vya masikio. Hapa usichoke mapema, harufu mbaya yote ya kiko cha mtumba inakaa humu shingoni, watu wanahangaika na kichwa wakati ugonjwa uko kwenye shingo.

Ikibaki harufu, jaza kichwa pamba mpaka juu, ziba tundu la shingo na pamba nyingine, dondoshea spiriti kwa bomba la sindano mpaka pamba ilowe, kiache usiku kucha kikiwa kimeegemezwa. Asubuhi pamba imegeuka kahawia, imenyonya lami iliyojificha kwenye mbao. Wengine wanatumia chumvi badala ya pamba, na chumvi ya mawe pwani hatukosi, ila mimi siipendi, ikiingia kwenye tundu la shingo inaweza kupasua mbao. Ukimaliza kiache kivulini siku kadhaa kikauke, na hewa yetu ya bahari ilivyo na unyevu usikimbilie. Ukungu mweupe ukiuona nao unaondoka kwa spiriti hiyo hiyo.

Weusi wa juu ukingoni mwa kichwa usikwangue, sugua kwa kitambaa chenye mate au maji kidogo sana, unatoka wenyewe taratibu.

Mdomo sasa. Vingi vya zamani ni ebonaiti, yani mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu, na mwanga na unyevu ndo vinaufanya uwe wa kijani kijani na kuwa mchungu ulimini. Nenda maduka ya rangi za magari ununue msasa wa maji, anza 400, panda 600, 1000, 1500, malizia 2000, kila hatua unalowesha. Utasikia harufu ya salfa, ni kawaida. Kama kuna nembo ubavuni ifunike na selotepu. Alama za meno pitishia moto wa kiberiti cha gesi kwa mbali huku unausogeza sogeza, ebonaiti ikipata joto inajaribu kurudi umbo lake, kishimo kinachobaki jaza supagluu iliyochanganywa na unga wa mkaa laini, ikauke vizuri ndo upige msasa. Ukiona mdomo unang'aa tu na haujabadilika rangi miaka yote hiyo basi ni akriliki (aina ya plastiki), hiyo usiitie moto wala spiriti, inapata nyufa, osha kwa sabuni na maji vuguvugu.

Mwisho ndo ule mng'ao. Nta ya karnauba ndo nzuri zaidi, inayeyuka kwenye digrii zaidi ya 80, ila nta ya nyuki ya Handeni inatosha, ina ubaya mmoja tu inayeyuka kwenye digrii karibu 63 kwa hiyo kikivutwa sana inapotea na itabidi urudie. Paka kidogo mno kwa kitambaa cha pamba, acha dakika chache, sugua mpaka mkono uwake moto. Rangi ya mbao itajitokeza yenyewe, mistari yote uliyodhani haipo.

Ukirudisha mdomo ukaukuta umelegea usipake gundi. Mbao bado imekauka kupita kiasi kwa ile spiriti, kiache wiki hivi kwenye hewa ya kawaida itavimba irudi saizi yake, na kama bado unacheza paka nta ya nyuki kidogo kwenye kile kijiti cha mdomo ndo uchomeke.