Jinsi ya Kukokotoa Ukubwa Unaoonekana wa Galaksi za Mbali

Hatua ya 1: Anzia uwanjani. Hapa Jinja wanafunzi wangu husimika fimbo ya mita 1, kisha hurudi nyuma hadi mita 57, ambapo kidole cha mwisho, kikilazwa mbele ya jicho huku mkono umenyooshwa, huweza kuifunika fimbo yote. Hapo fimbo inaonekana kwa pembe ya digrii 1. Wakifika mita 114, inabaki nusu digrii, sawa na Mwezi.

Hatua ya 2: Gawanya ukubwa halisi kwa umbali, kisha zidisha kwa 206,265. Jibu ni sekunde za digrii. Digrii 1 ina sekunde 3,600.

Hatua ya 3: Tafuta z, yaani kipimo cha jinsi mwanga wa galaksi ulivyorefuka. Kwa kuwa ulimwengu unatanuka, mawimbi ya mwanga hurefuka yakiwa njiani. Gawanya urefu wa wimbi uliopokelewa kwa urefu wake wa awali, kisha toa 1.

Hatua ya 4: Chukua umbali wa galaksi kama ulivyo leo, uugawanye kwa (1 + z), kisha tumia jibu hilo kama umbali katika Hatua ya 2. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie, kwa sababu kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye madaftari ni kutumia umbali wa leo moja kwa moja. Pembe tunayoiona iliamuliwa siku mwanga ulipoondoka, wakati galaksi ilikuwa karibu nasi kuliko ilivyo sasa, na kutanuka kwa ulimwengu baada ya hapo hakuibadilishi pembe hiyo.

Chukua galaksi yenye upana wa miakanuru 100,000 (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Ikiwa na z ya 1, umbali wa leo ni takriban miakanuru bilioni 10.8; ukigawanya kwa 2 unapata bilioni 5.4, na pembe ni sekunde 3.8. Kwenye z ya 1.6 hivi pembe hufikia kikomo chake cha chini, karibu sekunde 3.6. Ukiendelea mbali zaidi, inaanza kukua: kwenye z ya 10, umbali wa leo ni bilioni 31, lakini mwanga ulianza safari galaksi ikiwa umbali wa bilioni 2.8 tu, kwa hiyo pembe ni sekunde 7.4. Mara ya kwanza nilikokotoa upya mara tatu kabla ya kuliamini jibu hilo.

Hatua ya 5: Usidhani kwamba galaksi hiyo ni rahisi kuonekana. Mng'ao wa kila kipande cha uso wake hupungua kwa (1 + z) kwa kipeo cha 4, yaani zaidi ya mara 14,000 kwenye z ya 10, na galaksi halisi za enzi hiyo zilikuwa ndogo sana kuliko hii ya mfano wetu.