Kuiongezea trekta ya zamani mfumo wa pili wa haidroliki

Trekta kama Ferguson TE20 au Massey Ferguson 135 zilipewa haidroliki (nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwa presha) kwa ajili ya kazi moja: kuinua na kushusha mikono ya nyuma. Pampu yake ya pistoni nne imezama ndani ya mafuta ya giaboksi. Mafuta inayosukuma ni machache, na kwenye TE20 ukikanyaga klachi inasimama, yaani loda (koleo la mbele la kuinulia mizigo) inagoma kuinuka pale pale unapobadilisha gia. Jambo baya zaidi ni kwamba inatumia mafuta yale yale yanayolainisha gia na difu. Ukiunganisha silinda za nje, unapunguza kiwango cha mafuta kwenye gia na unarudisha humo uchafu wa kila trela utakayoifunga.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: pampu ya zamani ibaki na mikono yake, na vifaa vya nje vipewe mfumo wao, wenye pampu, tangi na vali zake.

Rekebisha cha zamani kwanza

Inua mzigo kwa mikono ya nyuma, zima injini, uangalie. Mikono ikishuka ndani ya dakika chache, kuna ringi, oringi au vali inayovujisha ndani. Ikipanda kwa kurukaruka injini ikiwa inafanya kazi, mara nyingi chumba kimoja cha pampu kina vali isiyofunga vizuri. Angalia pia rangi ya mafuta: yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji, na hapo yamwage yote kabla ya kugusa kitu kingine.

Piga hesabu kabla ya kununua

Anza na silinda, kwa sababu ndizo zinazoamua ukubwa wa pampu. Tuseme loda ina silinda mbili za kuinulia, kipenyo cha ndani 50 mm na mwendo wa 500 mm. Kila moja inameza karibu lita 1, zote mbili lita 2. Pampu ya lita 30 kwa dakika itazijaza kwa sekunde 4, kasi inayotosha kabisa kwa trekta ndogo. Kwa presha ya bar 150 kila silinda inasukuma kwa nguvu ya takriban kilo 3,000.

Mafuta ya pampu hupatikana hivi: ujazo wa mzunguko mmoja (cc) mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 1,000, kisha toa kama asilimia 7 inayopotea ndani. Pampu ya gia ya cc 16 kwenye mizunguko 2,000 inatoa karibu lita 30. Nguvu itakayokula ni bar mara lita kwa dakika, gawanya kwa 600: 150 × 30 ÷ 600 = kW 7.5, na ukiongeza hasara za pampu inakaribia kW 9. Trekta ya kW 20 hivi itaisikia. Usichukue pampu kubwa kuliko hesabu inavyodai.

Pampu na upande inaozunguka

Mahali pazuri ni mbele ya injini, ikizungushwa moja kwa moja na krenkishafti kupitia kaplingi yenye mpira katikati. Hapa ndipo pampu nyingi mpya zinapoharibika siku ya kwanza. Injini hizi, ukizitazama kutoka mbele, zinazunguka kufuata mshale wa saa. Lakini pampu iliyofungwa mbele imeelekeza shafti yake nyuma, na upande wa pampu husomwa ukiitazama kwenye shafti. Ukiitazama hivyo, inazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo nunua pampu ya mkono wa kushoto. Pampu ya gia ya kawaida ikizungushwa kinyume, presha inaingia upande wa sili ya shafti na kuitoa nje.

Ukilazimika kutumia mkanda na puli, weka shafti ya kati yenye beringi zake, kwa kuwa pampu ya kawaida haistahimili kuvutwa upande.

Kishikio cha pampu kiwe cha bamba la 10 mm. Acha nafasi ya 2 hadi 3 mm kati ya nusu mbili za kaplingi, kisha zungusha injini kwa mkono na upime nafasi hiyo sehemu nne kwa filageji. Tofauti isizidi 0.2 mm. Kaplingi iliyopinda hula mpira wake kwanza, baadaye sili.

Tangi na filta

Kwa pampu hii tangi la lita 40 linatosha. Likae juu ya pampu ili mafuta yashuke yenyewe. Tundu la kunyonyea liwe 50 mm juu ya sakafu ya tangi, na bomba la kurudi liingie upande wa pili, mdomo wake ukiwa chini ya usawa wa mafuta; ukiuacha juu, mafuta yatatoka povu. Katikati chomelea bamba la kuzuia mafuta yanayorudi yasikimbilie pampu moja kwa moja. Usitumie bati lenye zinki, maana zinki huingiliana na kemikali za mafuta. Baada ya kuchomelea, ng'oa mabaki yote ya kuchomelea, osha, ukaushe.

Filta ya maikroni 10 ikae kwenye njia ya kurudi. Usiichague kwa lita za pampu. Silinda ya 50 mm yenye fimbo ya 30 mm, ikiingia ndani kwa lita 30, inatoa karibu lita 47 upande wa pili, kwa hiyo tafuta filta ya lita 60 au zaidi.

Vali

Nunua vali ya katikati wazi (inayopitisha mafuta hadi tangini usipoigusa), yenye vali ya usalama ndani yake ya kuachia mafuta presha ikizidi, na mikono miwili ya kuendeshea loda. Ikiwa vali ya pili itafuata nyuma, usiunganishe kutoka kwenye mlango wa tangi wa vali ya kwanza, kwani mlango huo haukutengenezwa kubeba presha. Weka kipande maalumu (power beyond) kinachopeleka mafuta ya presha kwa vali inayofuata, na mlango wa tangi uwe na bomba lake.

Mipira na nyuzi

Kwa lita 30: mpira wa kunyonya inchi 1 au 1¼ wenye waya ndani usijibonyeze, wa presha inchi ½ wa tabaka mbili za waya (2SN, unaobeba bar 275), wa kurudi inchi ¾. Mpira mwembamba wa kunyonya ndio unaoua pampu: unaisikia ikikwaruza kama ina kokoto ndani.

Angalia nyuzi kwa makini. BSP (ya Kiingereza) na NPT (ya Kimarekani), aina mbili za nyuzi za mabomba, za inchi ½ zote zina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo nati inaanza kuingia vizuri tu. Pembe zake ni tofauti, digrii 55 na 60, na kiungo hicho kitavuja hata ukikikaza vipi. Utepe mweupe wa mafundi bomba usiutumie. Vipande vyake huziba vali.

Kuwasha mara ya kwanza

Tumia mafuta ya haidroliki ISO VG 46, au VG 68 kwenye joto kali. Jaza pampu kwa mkono kupitia tundu lake. Legeza vali ya usalama hadi karibu mwisho, vuta waya wa kuzima injini, kisha piga stata sekunde chache ili mafuta yafike. Washa, acha kwa mizunguko 800, na uendeshe kila silinda mara 6 au zaidi bila mzigo. Ongeza mafuta tangini silinda zikiwa zimeingia ndani.

Funga geji ya bar 250 kwenye njia ya presha. Peleka silinda mwisho wa mwendo, ushikilie sekunde chache tu, ukikaza vali ya usalama kidogo kidogo hadi bar 150. Usiende zaidi: ekseli ya mbele ya trekta hizi haikujengwa kubeba loda nzito.

Uvujaji utafute kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Mafuta ya presha hupenya ngozi kupitia tundu lisiloonekana. Jeraha hilo ni la upasuaji wa haraka hata kama haliumi. Na usiingie chini ya loda iliyoinuliwa bila kuiwekea nguzo ya chuma.

Mafuta yakipanda povu, hewa inaingia upande wa kunyonya: kaza klipu za mpira. Tangi likizidi digrii 80, vali ya usalama inafunguka muda wote au mpira wa kurudi ni mwembamba. Silinda zikiwa nzito zikipata joto tu, pampu inavujisha ndani. Baada ya saa 10 za kazi badilisha filta na ukaze upya boliti za kishikio cha pampu.